Sheria Isipokulinda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Unyanyasaji wa Nyumbani

Ukurasa huu ni wa watu waliokwenda polisi au mahakamani wakarudi mikono mitupu, na wa wale ambao bado hawajaenda kwa sababu wameona yaliyowakuta wenzao. Ni wa ndugu, marafiki na majirani pia, kwa kuwa mara nyingi hao ndio ulinzi uliobaki.

Kama simu unayosomea hukaguliwa na mtu mwingine, anza na swali la 13. Kama uko hatarini dakika hii, acha kusoma. Toka, nenda penye watu, kisha piga namba ya dharura.

## Kuelewa kinachotokea

1. Hajawahi kunipiga. Huu nao ni unyanyasaji?

Unaweza kuwa. Kipigo ni chombo kimoja tu, na wapo watesaji wasiokihitaji. Mtu anaweza kukushikia mshahara, kukukagulia simu, kukukataza ndugu zako, kuficha vitambulisho vyako, kukuamulia uvae nini na utoke saa ngapi, na kukuapia kwamba ukiondoka hutawaona watoto tena. Kila tendo likitazamwa peke yake linaonekana dogo. Yakikusanyika yanakuwa kifungo.

Mwaka 1984 huko Duluth, Minnesota, wanawake walioteswa walikaa katika vikundi wakaeleza wanayotendewa majumbani, na maelezo yao yakachorwa kama gurudumu. Katikati ya gurudumu hilo hakuna hasira wala pombe. Yapo mamlaka na udhibiti. Uingereza na Wales ziliufanya udhibiti wa namna hii kuwa kosa la jinai mwaka 2015, na Scotland ikapitisha sheria yake mwaka 2018. Kwingineko sheria bado inasubiri jeraha, ndiyo maana mtu huambiwa kituoni, "Rudi akikupiga." Jibu hilo linaonyesha upungufu wa sheria. Halipunguzi uzito wa unayoyapitia.

2. Kama hali ni mbaya hivyo, kwa nini haondoki?

Hili huulizwa kuliko yote, na karibu kila mara huulizwa mtu asiyestahili kuulizwa. Siri ya mtungi aijuaye kata. Aliye ndani anajua kitu ambacho mwulizaji hakijui: kuondoka si mwisho wa hatari. Kipindi cha kutengana, yaani siku za kupanga kuondoka, siku yenyewe na miezi inayofuata, ndicho ambacho watesaji wengi huzidisha ukatili, kwa kuwa ndipo wanapoona udhibiti unawaponyoka. Kubaki leo kunaweza kuwa hesabu ya mtu anayejaribu kuishi hadi kesho.

Kisha kuna watoto, nyumba iliyoandikwa jina moja, kibali cha kuishi nchini, aibu, na upendo usioisha kwa tangazo. Badala ya "kwa nini huondoki," muulize, "unahitaji nini ili uwe salama, ukiondoka au ukibaki?"

3. Nitajuaje kama niko katika hatari ya kuuawa?

Zipo dalili zilizofanyiwa utafiti, na nakusihi uzisome bila kujifariji. Mwaka 1985 muuguzi wa Marekani, Jacquelyn Campbell, alianza kutengeneza dodoso la kupima hatari hiyo. Tangu hapo limeboreshwa na kutumika katika nchi nyingi. Linaanza na kalenda: anayeteswa huweka alama siku zote za mwaka uliopita alizoumizwa, na ukali wa kila tukio. Wengi hushtuka wakiiona kalenda yao, kwa sababu matukio waliyoyakumbuka moja moja yanajipanga na kuonyesha kwamba yanakaribiana na kuzidi ukali.

Dalili nzito ni hizi: amewahi kukukaba koo, ana bunduki au anaweza kuipata, ametishia kukuua, nawe unaamini anaweza, wivu wake hauna mipaka, anakufuatilia, amekulazimisha tendo la ndoa, amekupiga ukiwa mjamzito, ametishia kujiua, mmeachana hivi karibuni.

Kukabwa koo ni dalili ninayoitenga na nyingine kwa makusudi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 uligundua kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake alikuwa na uwezekano wa kuuawa naye uliopanda takriban mara 7. Na mara nyingi kukabwa hakuachi alama shingoni, hivyo askari hutazama, asione kitu, akaandika "hakuna jeraha." Ukikabwa, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama unajiona mzima, kwa kuwa mishipa ya shingo inaweza kuwa imeumia na madhara yakatokea baada ya siku kadhaa. Mweleze daktari kwa maneno ya wazi kwamba umekabwa, na taja kama sauti imekauka, kumeza kunauma, ulizimia au ulijikojolea.

Nafsi yako ikikuambia ataniua, iamini. Ikikuambia hawezi, pitia dalili tena, maana walio hatarini mara nyingi huipima hatari chini ya ilivyo.

4. Je, wanaume hawateswi?

Wanateswa, na wake au na wanaume wenzao, na wengi hawaripoti kwa kuogopa kuchekwa. Yote yaliyoandikwa hapa yanawahusu. Hata hivyo vifo vina sura yake: Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 51,100 waliuawa na wenzi wao au watu wa familia, wastani wa 140 kwa siku, sawa na asilimia 60 hivi ya wanawake wote waliouawa kwa makusudi mwaka huo. Kwa wanaume, sehemu kubwa ya mauaji hutokea nje ya nyumba.

## Polisi na mahakama

5. Polisi wamesema ni mambo ya ndani, tukayamalize nyumbani. Nifanye nini?

Usiondoke bila kumbukumbu. Omba taarifa iandikwe kitabuni na upewe namba yake. Wakikataa, andika mwenyewe ukiwa bado hapo au punde tu ukitoka: tarehe, saa, jina au namba ya askari, na maneno aliyokujibu. Karatasi hiyo ndiyo itakayomwonyesha mkubwa wake, au jaji miaka mitatu baadaye, kwamba walijua.

Rudi ukiwa na mtu. Nimeona mara nyingi mlalamikaji aliyefukuzwa peke yake akisikilizwa vizuri aliporudi na msaidizi wa kisheria, afisa ustawi wa jamii au hata dada yake mwenye sauti kavu. Panapokuwa na dawati maalumu la jinsia na watoto, nenda huko moja kwa moja. Askari wa zamu akikwama, omba kumwona mkuu wa kituo, na akikwama naye, yapo malalamiko ya maandishi kwa ngazi ya juu au kwa tume ya haki za binadamu.

Ukieleza, taja hatari kabla ya historia. "Jana alinikaba, ana bunduki, ametishia kuniua leo usiku" humwamsha askari kuliko simulizi ya miaka kumi inayoanza na siku ya harusi. Historia ni muhimu, ila ifuate.

6. Amri ya zuio ina maana gani kama polisi hawaitekelezi?

Amri hiyo ya mahakama, inayomkataza mtesaji kukukaribia, ina maana, lakini si ukuta. Humzuia anayeogopa kupoteza kazi, jina au uhuru wake. Asiyeogopa chochote, au anayesema atakufa pamoja nawe, hazuiliki kwa karatasi.

Kisa ambacho kila anayeomba amri angepaswa kukijua ni cha mji wa Castle Rock, Colorado, mwaka 1999. Jessica Gonzales alikuwa na amri ya mahakama dhidi ya mume waliyetengana. Mume aliwachukua binti zao watatu. Mama akapiga simu polisi mara kwa mara usiku ule, akaenda hadi kituoni, akaambiwa asubiri. Alfajiri mume alifika kituoni akifyatua risasi, akauawa, na miili ya watoto ikakutwa ndani ya gari lake. Mwaka 2005 mahakama ya juu kabisa ya Marekani iliamua kwamba katiba haikumpa mama huyo haki ya kudai amri yake itekelezwe na polisi. Mwaka 2011 Tume ya Haki za Binadamu ya Mataifa ya Amerika ilisema kinyume: dola ilikiuka haki zake na za wanawe.

Kwa hiyo iombe amri, kisha ipe nguvu mwenyewe. Toa nakala nyingi. Moja ikae mwilini mwako, nyingine kituo cha polisi cha jirani, shuleni, kazini kwa mlinzi na kwa jirani unayemwamini. Hakikisha imeandika mambo kwa majina: mitaa, shule, simu, ujumbe, kutumia watu wengine. Amri inayosema "asimsumbue" humwachia mtesaji nafasi ya kubishana. Akivunja hata kidogo, ripoti. Ukivumilia ujumbe mmoja, wakili wake atasema uliukaribisha. Nawe usimwite nyumbani wakati amri ingalipo.

7. Alikamatwa asubuhi, jioni ameachiwa. Hakuna aliyeniambia.

Hili ni pengo lililoua watu. Siku anapokamatwa, usilale ukidhani yamekwisha. Muulize mpelelezi mambo matatu: atafikishwa mahakamani lini, nani ataamua dhamana, na nani atakupigia simu akiachiwa. Mwombe mwendesha mashtaka aombe masharti ya dhamana: asikukaribie, asikutumie ujumbe, asalimishe silaha. Hakimu hawezi kuweka sharti la hatari asiyoijua, kwa hiyo dalili za swali la 3 ziandikwe na zimfikie.

Kisha panga usiku huo kana kwamba yuko nje tayari. Lala pengine.

8. Nikusanye ushahidi gani?

Ushahidi bora ni ule ulioandikwa na mtu asiyekuwa na upande: faili la hospitali, kumbukumbu ya polisi, barua ya mwalimu aliyeona mtoto akitetemeka. Ukienda kutibiwa, usiseme umeanguka. Najua kwa nini watu husema hivyo, lakini neno hilo litasomwa mahakamani na upande wa pili.

Piga picha za majeraha kwa karibu na kwa mbali, uso wako uonekane, na urudie baada ya siku mbili tatu kwa sababu michubuko hukolea kadiri siku zinavyopita. Piga picha mlango uliovunjwa na nguo iliyochanika. Nguo yenye damu iwekwe kwenye mfuko wa karatasi, isifuliwe. Hifadhi ujumbe pamoja na namba na tarehe zake. Andika shajara fupi: tarehe, alichofanya, aliyeshuhudia. Kabla ya kurekodi sauti kwa siri, uliza msaidizi wa kisheria, kwani sheria za kurekodi hazifanani.

Vyote hivi visikae ndani ya nyumba hiyo. Mpe mtu.

9. Niliondoa malalamiko kwa woga. Je, nimeharibu kila kitu?

Hapana. Nahide Opuz na mama yake, nchini Uturuki, walipeleka malalamiko tena na tena na kuyaondoa kwa vitisho, na waendesha mashtaka wakawa wanafunga mafaili. Mwaka 2002 mama alipigwa risasi na mkwe wake siku alipokuwa akihama. Mwaka 2009 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliihukumu Uturuki. Ilisema kwamba ukatili unapokuwa mzito na unaoendelea, maslahi ya umma yanaweza kutaka mashtaka yaendelee hata mlalamikaji akijitoa, na kwamba mamlaka zilipaswa kujiuliza kwa nini wanawake hawa walikuwa wakijitoa.

Unaweza kuripoti upya. Eleza wazi kwamba uliondoa kwa kutishiwa, na useme ni nani aliyetishia na lini.

10. Naye amekwenda kunishtaki mimi.

Ni mbinu ya kawaida, hasa kwa mtesaji mwenye pesa au anayejua kuongea. Anajikuna, anakwenda kituoni kabla yako, na wewe uliyemng'ata ulipokuwa ukikabwa unageuka mtuhumiwa. Usitoe maelezo bila wakili au msaidizi wa kisheria. Mwombe mpelelezi atazame nani anamwogopa nani, majeraha ni ya kushambulia au ya kujitetea, na nani ana historia. Kama ulimjeruhi vibaya au amekufa, soma swali la 20.

11. Familia na viongozi wa dini wanataka tusuluhishwe. Nikubali?

Usuluhishi unafaa kwa watu wawili waliogombana wakiwa na nguvu sawa. Pale mmoja anapomwogopa mwenzake, kikao kinakuwa mahali ambapo anayeogopa husema kweli mbele ya mtesaji, kisha hurudishwa nyumbani kwa huyohuyo aliyeisikia. Usiku wa baada ya kikao ndio wa kuogopwa.

Najua kukataa wito wa wakubwa ni mzigo. Unaweza kusema, "Nawaheshimu, nitakuja siku nitakapokuwa salama." Anayetaka kweli kusaidia mpe kazi: akuhifadhie hati, akupe chumba, au aende yeye kumwambia mtesaji kwamba ukoo hautamficha. Msamaha, ukitaka kuutoa, hauhitaji kuishi chini ya paa moja.

## Kujilinda bila kusubiri

12. Mpango wa usalama ni nini hasa?

Ni maamuzi uliyoyafanya ukiwa mtulivu ili usiyafanye ukiwa na hofu. Ni wako, unaandikwa kwa nyumba yako, na hubadilika hali inapobadilika.

Ndani ya nyumba, jua vyumba vibaya: jikoni kwenye visu, bafuni kusiko na njia ya pili, na chochote chenye silaha. Ukiona dalili zake za kulipuka, sogea kuelekea mlango mapema, kwa kisingizio chochote. Kipigo kikishindikana kuepukwa, jikunje kwenye kona, linda kichwa na shingo. Kubaliana na jirani ishara moja, kama taa inayowashwa na kuzimwa au neno la kawaida kwenye simu, lenye maana ya "ita msaada."

Mfuko wa kuondokea usikae kwako. Ndani yake weka vitambulisho au nakala zake, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati za nyumba au kazi, dawa, funguo za ziada, pesa kidogo kidogo, nakala ya amri, na kitu kimoja cha kumtuliza kila mtoto. Kama kuchukua hati halisi kutamshtua, piga picha na umtumie mtu, kisha futa.

Panga siku. Ondoka akiwa mbali na kwa muda unaoujua, usiondoke katikati ya ugomvi kama unaweza kusubiri salama. Usimwachie barua inayoeleza unakokwenda, na usirudi peke yako kuchukua vitu, hata akikuita kwa machozi. Askari, au kundi la watu, wakusindikize.

Baada ya kuondoka badilisha njia, saa na sehemu zako za kila siku. Waambie kazini, umpe mlinzi picha yake. Jina la shule mpya lisitajwe kwa ndugu asiyejua kunyamaza.

13. Anajuaje kila ninapokwenda? Simu yangu iko salama?

Kama anajua mambo uliyomwambia mtu mmoja tu, chukulia kwamba simu inavuja. Njia zinazotumika sana ni za kawaida: anajua neno lako la siri, akaunti yenu ni moja, ramani inashiriki mahali ulipo, au kishikwambi cha mtoto kimeunganishwa na akaunti yake. Zipo pia programu za kupeleleza zinazofichwa ndani ya simu. Vipo vifaa vidogo vya kutafutia mizigo, kama AirTag ya Apple iliyotoka mwaka 2021, vinavyoweza kutupwa garini au ndani ya pindo la mkoba. Simu nyingi za sasa hutoa onyo kifaa cha namna hiyo kikisafiri nawe. Usilipuuze.

Jambo gumu ni hili: usikimbilie kufuta. Ukikiondoa ghafla, atajua umegundua. Tafuta kwanza simu nyingine, ya rafiki au ya ofisini, uitumie kwa mipango yote, na uiache ya zamani iendelee na maisha yake ya kawaida. Piga picha ulichokigundua, kwa kuwa ni ushahidi. Siku ya kuondoka, zima au acha simu hiyo, na ufungue akaunti mpya kwa barua pepe mpya na majibu ya siri asiyoweza kuyakisia. Yeye anajua jina la mama yako na shule uliyosoma.

14. Nyumba salama zinafanyaje kazi, na kama zimejaa?

Nyumba ya kwanza ya aina hii iliyojulikana sana katika zama zetu ilifunguliwa Chiswick, London, mwaka 1971. Tangu hapo zimeenea duniani. Nyingi huficha anwani, hupokea mama na watoto, na huwa na kanuni kali: hakuna kutaja mahali, wakati mwingine hakuna simu yenye mtandao. Uliza mapema kama wanapokea mtoto wa kiume mkubwa, mwenye ulemavu, au mwanamume, maana si zote hupokea.

Zikijaa, usiishie hapo. Waombe wakufanyie mpango wa usalama hata bila kitanda, na wakuelekeze mji mwingine. Ukitafuta pa kulala kwa watu, chagua nyumba isiyo ya kwanza kumjia akilini. Kwa mama yako ndipo atakapoanzia. Rafiki wa kazini wa zamani asiyemjua ni bora.

15. Sina pesa yangu mwenyewe.

Anza na kiasi kisichoonekana, kihifadhiwe na mtu mwingine. Fungua akaunti kwenye benki tofauti na yenu, taarifa zisije nyumbani. Kama kuna mikopo kwa jina lako usiyoijua, andikia mkopeshaji mapema. Na unapoomba amri ya zuio uliza kama mahakama inaweza kuamuru matunzo humohumo. Wengi hawaambiwi.

16. Rafiki yangu anateswa. Nimsaidieje bila kuharibu?

Muulize mkiwa wawili tu, na usimtumie ujumbe unaotaja jambo hilo. Sema ulichokiona bila kumtukana mwenzi wake, kwa sababu ukimtukana, yeye ataanza kumtetea. "Nimeona unaogopa simu yako ikilia. Nakuamini. Nipo." Kisha nyamaza usikilize.

Usimkabili mtesaji. Wewe utarudi nyumbani kwako, na hasira itamsubiri yeye. Usimpe sharti la kuondoka ndipo umsaidie. Mtesaji hutaka abaki peke yake, na rafiki anayechoka akakata mawasiliano anamaliza kazi hiyo. Toa vitu vinavyoshikika: kuhifadhi mfuko, kulea watoto siku ya mahakama, kukaa naye kwenye benchi la korido. Ukisikia kelele za kuomba msaada, ita polisi. Au gonga mlango ukiwa na wenzako, uombe kitu chochote. Kukatiza tu kunaweza kutosha usiku huo.

## Watoto

17. Mahakama imempa ruhusa ya kuwaona watoto. Naogopa.

Hofu yako ina mfano unaojulikana. Ángela González Carreño, wa Hispania, alipeleka malalamiko zaidi ya 30 dhidi ya mume waliyetengana. Mahakama ilimruhusu baba kumwona mtoto bila usimamizi, na mwaka 2003, katika mojawapo ya ziara hizo, alimuua binti yao, Andrea, mwenye umri wa miaka 7. Mwaka 2014 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake iliikuta Hispania na hatia ya kutomlinda, na mwaka 2018 mahakama ya juu ya nchi hiyo iliamuru mama alipwe fidia ya euro 600,000.

Usimfiche mtoto kinyume cha amri bila kwanza kumwona wakili, maana unaweza kunyang'anywa malezi. Omba amri irekebishwe: ziara zisimamiwe na mtu wa tatu asiye ndugu yake, mahali pa umma au ofisi ya ustawi, na makabidhiano yasikukutanishe naye. Waeleze kwamba kumpiga mama mbele ya mtoto ni kumuumiza mtoto. Wapo mahakimu wanaoamini bado kwamba mtu anaweza kuwa mume mkatili na baba mwema kwa wakati mmoja. Wapelekee barua ya mwalimu na ya daktari.

18. Niwaambie nini watoto?

Ukweli mfupi: si kosa lao, si kazi yao kuingilia, na wakisikia kelele wakimbilie wapi. Wafundishe kupiga namba ya dharura na kutaja walipo. Siku ya kuondoka wasiambiwe mapema, kwa sababu siri hiyo ni nzito kwao.

## Hali ngumu zaidi

19. Mtesaji ni askari, au ana jamaa kituoni, au ameshika kibali changu cha kuishi nchini.

Usiripoti pale anapofanya kazi. Nenda wilaya nyingine au kitengo cha malalamiko dhidi ya polisi, na upeleke barua kwa wakati huohuo kwa chombo cha nje kama tume ya haki za binadamu, ili faili likipotea sehemu moja libaki nyingine. Taja silaha yake ya kazi na uombe inyang'anywe. Chukulia kwamba anaweza kutafuta namba yako, gari lako na anwani yako katika kumbukumbu za kazini, hivyo makazi mapya yasiandikwe jina lako ikiwezekana.

Waliopo ugenini na vibali vyao viko mikononi mwa mwenzi wasiamini tishio la "nitakurudisha kwenu" kabla ya kuuliza mwanasheria wa uhamiaji. Marekani, kwa mfano, tangu sheria ya mwaka 1994, mwenzi wa raia anayeteswa anaweza kujiombea kibali bila huyo raia kujua. Asitumike mtoto au ndugu wa mtesaji kama mkalimani.

20. Nilimjeruhi nikijitetea. Nitafungwa?

Inawezekana, na ndiyo sababu maneno yako ya kwanza yana uzito. Ita msaada wa matibabu kwa ajili yake na kwako. Sema kwamba ulikuwa ukijitetea na kwamba utaeleza ukiwa na wakili, kisha unyamaze. Majeraha yako yapigwe picha siku hiyo. Kalenda na shajara za maswali ya 3 na 8 ndizo zitakazomsaidia wakili kuonyesha kwa nini tendo la mtesaji ambalo kwa mgeni lingeonekana dogo lilikutangazia kifo.

21. Serikali inaweza kuwajibishwa kwa kutonilinda?

Ndiyo, ingawa ni njia ndefu. Mwaka 1983 Maria da Penha, wa Brazil, alipigwa risasi na mumewe akiwa usingizini, akapooza miguu. Kesi ilizunguka mahakamani kwa zaidi ya miaka 15. Mwaka 2001 Tume ya Mataifa ya Amerika iliitia Brazil hatiani kwa uzembe huo, mume akafungwa mwaka 2002, na mwaka 2006 nchi ikapitisha sheria ya unyanyasaji wa nyumbani inayoitwa kwa jina lake. Mwaka 2021 Mahakama ya Ulaya, katika kesi ya Kurt dhidi ya Austria, ilisema mamlaka hazipaswi kusubiri mlalamikaji ajipimie hatari. Ni kazi yao kuipima, papo hapo na bila kungoja kuombwa. Mama aliyeileta kesi hiyo, ambaye mwanawe aliuawa na baba yake shuleni, hakushinda. Majaji wengi waliona hatari hiyo haikuweza kuonekana mapema.

Vyombo hivi kwa kawaida hutaka uwe umemaliza njia za nyumbani au uonyeshe kwamba hazifanyi kazi. Hapo ndipo ile karatasi ya swali la 5 inapopata thamani.

22. Ndugu yetu ameuawa. Sasa tufanye nini?

Poleni sana. Kabla nyumba haijasafishwa, mpelelezi apewe simu yake, shajara, ujumbe na majina ya aliowasimulia. Dai taarifa zote alizowahi kuripoti, pamoja na zile zilizokataliwa. Uingereza na Wales, tangu mwaka 2011, mauaji ya namna hii hufanyiwa mapitio rasmi ya kutazama nani alijua nini na alifanya nini. Pasipo na utaratibu huo, wakili anaweza kuomba uchunguzi wa kifo ufanywe hadharani.

Watoto wake wasiachwe mikononi mwa ndugu wa muuaji kwa sababu tu ndio waliofika kwanza. Ombeni amri ya malezi ya muda wiki hiyohiyo, hata kama mazishi hayajafanyika.